Lugha ya Kiingereza na udahili wa masomo ya udaktari nchini Tanzania

Lugha ya Kiingereza na udahili wa masomo ya udaktari nchini Tanzania ni suala linalohusu namna wanafunzi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza wanavyochaguliwa kuingia vyuo vikuu vya tiba. Karibu wanafunzi wote wa Tanzania wako katika kundi hilo. Wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kikuu kwa Kiingereza, na baadaye huwatibu wagonjwa kwa Kiswahili.

Kwa mwombaji wa Tanzania anayetoka kidato cha sita hakuna mtihani wa pekee wa Kiingereza unaotakiwa ili kuingia chuo cha tiba. Hata hivyo lugha hiyo huamua mengi kabla ya siku ya kuomba, kwa kuwa mitihani ya Fizikia, Kemia na Biolojia hufanywa kwa Kiingereza. Kwa sababu hiyo mkoa wenye upungufu wa walimu, maabara na vitabu, kama mkoa wa Lindi, huathirika zaidi.

Lugha katika ngazi za elimu

Tangu tamko la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali za Tanzania Bara. Kiingereza hufundishwa humo kama somo. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa kwa Kiswahili, isipokuwa somo lenyewe la Kiingereza na shule zinazofundisha kwa Kiingereza.

Mwanafunzi anapoingia kidato cha kwanza, lugha hubadilika. Masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza, isipokuwa Kiswahili na masomo machache mengine. Shule nyingi huanza na kozi fupi ya awali ya Kiingereza ili kumsaidia mwanafunzi kuvuka. Baada ya hapo mtoto aliyejifunza "mmeng'enyo wa chakula", "mzunguko wa damu" na "usanisinuru" kwa lugha anayoiota usiku hujifunza mambo yaleyale upya kwa majina mengine.

Mitihani ya taifa ya sekondari husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoanzishwa mwaka 1973. Mwanafunzi hupimwa kidato cha pili, kidato cha nne na kidato cha sita. Majibu ya masomo ya sayansi huandikwa kwa Kiingereza katika ngazi zote tatu.

Shule za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza ziliongezeka kuanzia miaka ya 1990, baada ya masharti ya shule binafsi kulegezwa. Nyingi ziko mijini na hutoza ada. Hivyo wanafunzi wawili wanaokutana kidato cha kwanza wanaweza kuwa na tofauti ya miaka saba ya Kiingereza, ingawa mtihani utakaowapima ni mmoja.

Historia

Wakati wa ukoloni wa Kijerumani shule za serikali, zikiwemo za miji ya pwani, zilitumia Kiswahili kuwaandaa makarani na maakida. Waingereza waliotawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia waliendelea kutumia Kiswahili katika madarasa ya chini, lakini waliweka Kiingereza katika madarasa ya juu. Tangu hapo njia ya kwenda kwenye taaluma kubwa ilipita katika Kiingereza.

Tanganyika haikuwa na shule ya madaktari. Wachache waliopata nafasi walipelekwa Makerere nchini Uganda, ambako mafunzo ya tiba yalianza mwaka 1924, au ng'ambo. Mwalimu Julius Nyerere alizoea kueleza kwamba wakati wa uhuru mwaka 1961 nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu.

Shule ya kwanza ya tiba nchini ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1963. Mwaka 1968 ikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki), na mwaka 1976 iliunganishwa na hospitali ya Muhimbili. Mwaka 1991 ilipandishwa kuwa chuo kishiriki, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS). Kwa muda mrefu ilikuwa shule pekee ya madaktari nchini.

Kuanzia miaka ya 1990 vilianzishwa vyuo vingine, vikiwemo Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki mjini Dar es Salaam, chuo cha tiba cha KCMC mjini Moshi, na chuo cha Bugando mjini Mwanza. Baadaye yaliongezeka mafunzo ya udaktari Dodoma, Ifakara, Mbeya na Zanzibar. Vyote vinafundisha kwa Kiingereza.

Masharti ya udahili

Vyuo vikuu vya Tanzania husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Kila mwaka TCU hutoa mwongozo unaoonyesha sifa za chini za kila programu na idadi ya nafasi. Kati ya mwaka 2010 na 2016 maombi yalipitia mfumo mmoja wa pamoja wa TCU. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji huomba moja kwa moja katika kila chuo, nayo TCU huhakiki waliochaguliwa. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja.

Shahada ya udaktari wa binadamu huchukua miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa utarajali hospitalini. Kuna njia mbili kuu za kuingia.

Njia ya kidato cha sita. Mwombaji awe na ufaulu wa kiwango cha juu katika masomo matatu: Fizikia, Kemia na Biolojia. Alama hugeuzwa kuwa pointi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa kawaida alama ya somo la Kiingereza haiingii katika hesabu hiyo. Sifa za chini humruhusu mtu kuomba tu. Anayechaguliwa ni yule aliyewazidi wenzake, na katika vyuo vinavyopendwa zaidi waliochaguliwa huwa wameizidi mbali alama ya chini.

Njia ya stashahada. Mwenye stashahada ya utabibu anaweza kuomba akiwa na wastani wa B au GPA ya 3.0. Pamoja na hayo, miongozo ya TCU imekuwa ikitaka awe na angalau alama D ya kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Hapa ndipo somo la Kiingereza linapotajwa waziwazi kama sharti.

Jambo hili huwapita wanafunzi wengi. Ili kujiunga na chuo cha utabibu baada ya kidato cha nne, mwombaji hutakiwa kufaulu masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza yenye faida tu. Kwa hiyo mtu aliyepata F ya Kiingereza anaweza kusoma utabibu miaka mitatu, akafanya kazi vizuri katika kituo cha afya, kisha akakuta mlango wa udaktari umefungwa na somo aliloliacha akiwa na miaka kumi na saba. Dawa yake ni kurudia somo hilo NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ni afadhali kufanya hivyo mapema kuliko kungoja miaka ipite.

Waombaji wenye vyeti vya nje. Vyeti vya sekondari vya nchi nyingine hupelekwa NECTA kulinganishwa na vya Tanzania. Waombaji kutoka nchi zinazofundisha kwa lugha nyingine, kama Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaweza kuombwa na chuo uthibitisho wa kumudu Kiingereza. Wengi wao huzungumza Kiswahili vizuri, lakini hicho hakihesabiwi katika udahili.

Jinsi Kiingereza kinavyochuja wanafunzi

Ingawa hakuna mtihani wa Kiingereza mlangoni, lugha huchuja wanafunzi katika hatua kadhaa.

Hatua ya kwanza ni kidato cha kwanza na cha pili. Mwalimu wa sayansi mara nyingi huandika muhtasari ubaoni kwa Kiingereza na kueleza kwa Kiswahili. Wanafunzi huelewa maelezo, lakini wanalonakili daftarini ni la lugha nyingine. Siku ya mtihani hutakiwa kutoa kwa Kiingereza walichoelewa kwa Kiswahili. Wengi hukariri sentensi nzima. Swali likigeuzwa kidogo, sentensi iliyokaririwa haifai tena.

Hatua ya pili ni uchaguzi wa mchepuo. Biolojia husomwa na wanafunzi wote hadi kidato cha nne, lakini Fizikia na Kemia huweza kuachwa baada ya kidato cha pili. Mwanafunzi anayeona Fizikia ni ngumu kwa sababu haelewi maneno ya swali huiacha, na kwa kuiacha huwa ameuacha udaktari pia. Mara nyingi hakuna mtu anayemweleza hivyo siku hiyo.

Hatua ya tatu ni tahasusi ya kidato cha tano. Tahasusi inayoelekea kwenye udaktari ni ya Fizikia, Kemia na Biolojia, ijulikanayo kama PCB. Tahasusi ya Kemia, Biolojia na Jiografia (CBG) hufungua baadhi ya programu nyingine za afya, lakini kwa kukosa Fizikia haimfikishi mtu kwenye udaktari wa binadamu. Kila mwaka wapo wanaogundua tofauti hiyo baada ya kumaliza kidato cha sita.

Hatua ya nne ni karatasi ya mtihani yenyewe. Maneno ya kuamuru katika swali hubeba alama: kutaja si sawa na kufafanua, na kueleza si sawa na kutofautisha. Mwanafunzi anayeijua Kemia anaweza kupoteza alama kwa kuorodhesha pale alipotakiwa kulinganisha. Katika mtihani wa vitendo kosa la kusoma vibaya agizo moja huweza kuharibu jaribio zima.

Hatua ya tano ni maombi. Tovuti na fomu za vyuo vingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na mwombaji hutakiwa kulinganisha sifa, tarehe na ada za vyuo kadhaa kwa muda mfupi. Mwanafunzi mwenye ndugu au mwalimu wa kumsomea masharti huwa na nafuu kubwa. Asiye naye hutegemea mhudumu wa duka la intaneti, ambaye anaweza kujaza asichokielewa.

Pwani ya Kilwa na Lindi

Mkoa wa Lindi uko kusini mashariki mwa Tanzania. Pwani yake inaanzia wilaya ya Kilwa, yenye miji ya Kilwa Masoko na Kilwa Kivinje, hadi mji wa Lindi na vijiji vilivyo kusini yake. Kilwa Kisiwani ilikuwa mji mkubwa wa biashara katika Bahari ya Hindi, na magofu yake pamoja na ya Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981.

Eneo hili limekuwa na elimu ya kuandika kwa karne nyingi. Watu wake waliandika Kiswahili na Kiarabu kwa herufi za Kiarabu kabla ya shule za kikoloni, na mpaka leo watoto wengi huanza kusoma chuoni, yaani madrasa, kabla ya shule ya msingi. Lahaja ya Kiswahili ya Kilwa na maeneo ya jirani huitwa Kimgao. Bara kidogo kutoka pwani huzungumzwa Kimatumbi, Kingindo, Kimachinga, Kimwera na Kimakonde. Kwa mtoto wa Kimatumbi, Kiswahili huwa lugha ya pili na Kiingereza ya tatu. Akisoma na madrasa, herufi za Kiarabu huwa nyongeza. Hivyo mtoto wa pwani hii hana uhaba wa lugha. Kiingereza ndicho ambacho hakisikii nje ya darasa.

Usafiri ulikuwa kikwazo kwa muda mrefu. Kabla ya Daraja la Mkapa kuzinduliwa mwaka 2003 magari yalivushwa mto Rufiji kwa kivuko, na wakati wa masika safari ya Dar es Salaam ilikatika. Daraja hilo lenye urefu wa mita 970, pamoja na lami iliyofuata, liliwezesha walimu, vitabu na wanafunzi kufika kwa urahisi zaidi. Mji wa Lindi uko takriban kilomita 450 kutoka Dar es Salaam.

Shule za sekondari za kata zilizojengwa kwa wingi nchini kuanzia mwaka 2006 zilifungua milango kwa watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba. Hata hivyo, kama ilivyo kwingineko vijijini, majengo yalitangulia walimu wa sayansi na maabara. Shule inaweza kuwa na mwalimu mmoja wa Fizikia kwa madarasa yote, au ikategemea mwalimu wa kujitolea aliyemaliza kidato cha sita. Ni katika shule kama hizo Kiingereza cha sayansi hujulikana kwa muhtasari wa ubaoni tu.

Mikoa ya Lindi na Mtwara ina hospitali za rufaa na za misheni zinazojulikana. Miongoni mwake ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine mjini Lindi, Hospitali ya Mtakatifu Walburg iliyoko Nyangao, na Hospitali ya Ndanda mkoani Mtwara. Vyuo vya matabibu na wauguzi vipo katika kanda ya kusini, lakini shahada ya udaktari haitolewi huko. Anayetaka kuwa daktari hulazimika kwenda Dar es Salaam au mbali zaidi, na kumudu nauli, malazi na karo. Wengi hutegemea Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), ambayo huhitaji nyaraka kama cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA.

Suala hili lina matokeo katika huduma. Mikoa ya pembezoni hupata shida kuwavuta na kuwabakiza madaktari, na mara nyingi aliyezaliwa mahali ndiye aliye tayari zaidi kurudi. Mwanafunzi wa Kilwa anayeachwa nyuma na Kiingereza cha kidato cha pili anaweza kuwa ndiye daktari ambaye hospitali ya wilaya ingempata miaka 15 baadaye.

Lugha chuoni na wodini

Anayefaulu kuingia chuo cha tiba hukutana na wingi wa maneno mapya. Istilahi nyingi za anatomia na magonjwa zina asili ya Kilatini na Kigiriki, na katika hilo mwanafunzi aliyezaliwa London hana nafuu kubwa kuliko aliyezaliwa Kivinje: wote wawili huanza kukariri majina ya mifupa wakiwa wageni. Tofauti hujitokeza katika kusoma kurasa nyingi kwa haraka, kuandika insha, na kujibu maswali ya mdomo mbele ya wahadhiri. Vyuo vingi hutoa somo la stadi za mawasiliano katika mwaka wa kwanza ili kupunguza pengo hilo.

Wodini mambo hugeuka. Faili la mgonjwa huandikwa kwa Kiingereza, lakini maongezi ni ya Kiswahili. Daktari mwanafunzi husikiliza kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, na kila tafsiri inaweza kupotosha. Mgonjwa akisema ana "kichomi", anaweza kuwa anataja maumivu makali ya ubavu au ugonjwa wa mapafu. Akisema "mshipa", huenda ni ngiri, na huenda ni busha. Pwani ya Lindi ni miongoni mwa maeneo ambayo matende na busha vimekuwapo kwa muda mrefu, vikisababishwa na minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Mzee mwenye busha hataji tatizo lake kwa mtu anayemwuliza kwa maneno makavu.

Neno "degedege" ni mfano mwingine. Kitabibu hulinganishwa na mtukutiko wa mtoto, mara nyingi kutokana na homa kali au malaria ya ubongo. Tafiti zilizofanywa pwani ya Tanzania zimeonyesha kwamba wazazi wengi waliliona kama ugonjwa wa peke yake, usiotokana na malaria, unaohitaji mganga kwanza. Daktari anayejua neno hilo na maana yake nyumbani humshawishi mama mapema. Ujuzi huo haupimwi popote katika udahili, ingawa unaweza kuokoa mtoto.

Mjadala kuhusu lugha ya kufundishia

Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikutekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 ripoti ya Criper na Dodd ilionyesha kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi kilikuwa chini mno kuweza kujifunzia masomo mengine, na kuanzia mwaka 1987 Uingereza ilifadhili mradi wa kuinua somo hilo katika shule za sekondari.

Wataalamu kadhaa wamelichunguza suala hili, wakiwemo Casmir Rubagumya, Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 ukishirikisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, ulilinganisha kufundisha kwa lugha ya mwanafunzi na kufundisha kwa Kiingereza. Qorro ametetea hoja kwamba kukifundisha Kiingereza vizuri kama somo ni jambo moja, na kukitumia kufundishia kila kitu ni jambo lingine. La pili halileti la kwanza. Watafiti pia wamekosoa kanuni za shule za kumwadhibu anayezungumza Kiswahili, kwa kuwa humfanya mwanafunzi anyamaze badala ya kuzungumza Kiingereza.

Wanaotetea Kiingereza husema kwamba vitabu na majarida ya tiba yako kwa lugha hiyo, kwamba madaktari wa Tanzania hushirikiana na wa nchi nyingine, na kwamba kubadili lugha kunahitaji vitabu na walimu wapya. Wazazi wengi pia huona Kiingereza kama ngazi ya maisha bora na hawapendi watoto wao wakikose.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua nafasi ya Kiswahili kutumika katika ngazi zote, bila kuondoa Kiingereza. Kwa upande wa istilahi, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na baadaye kamusi ya tiba. Mwaka 2021 sheria ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mafunzo ya udaktari yamebaki katika Kiingereza.

Nchi nyingine

Nchini Kenya Kiswahili ni somo la lazima hadi mtihani wa mwisho wa sekondari, na katika udahili wa udaktari Kiingereza au Kiswahili huweza kuhesabiwa pamoja na sayansi. Hivyo alama nzuri ya Kiswahili inaweza kumsaidia mwombaji.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo elimu ya tiba hutolewa kwa Kifaransa, hata katika majimbo ya mashariki ambako wagonjwa huzungumza Kiswahili. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alisomea udaktari Burundi na kubobea Ufaransa.

Nchini Oman, ambako wako wananchi wengi wanaozungumza Kiswahili, Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifunguliwa mwaka 1986 kikifundisha tiba kwa Kiingereza. Wanafunzi waliosoma kwa Kiarabu hupitia kwanza programu ya msingi inayojumuisha Kiingereza. Urusi na Kuba huwapa wageni kipindi cha maandalizi cha Kirusi au Kihispania kabla ya tiba. Katika nchi hizo pengo la lugha limepewa muda wake katika ratiba, badala ya kuachiwa mwanafunzi peke yake.

Kusomea udaktari ng'ambo

Vyuo vya Uingereza humtaka mwombaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza aonyeshe uthibitisho, mara nyingi mtihani wa IELTS, unaopimwa kwa alama 0 hadi 9. Vyuo vya tiba huwa na masharti makali, kwa kawaida 7 au zaidi. Marekani hutumia mtihani wa MCAT, wenye sehemu nzima ya kusoma kwa kina na kuchambua hoja. Vyuo vya huko vinavyopokea wageni ni vichache na udaktari huanza baada ya shahada ya kwanza.

Watanzania wengi wamesoma China katika programu za udaktari zinazofundishwa kwa Kiingereza. Darasani Kiingereza hutosha, lakini hospitalini wagonjwa huzungumza Kichina, na asiyejifunza lugha hiyo hubaki akitazama tu wakati wenzake wakizungumza na mgonjwa.

Kabla ya kuondoka ni muhimu kuhakikisha chuo kinatambuliwa na kupata barua ya TCU ya kutokuwa na pingamizi. Anayerudi huhitaji shahada yake itambuliwe na TCU, kisha hutimiza masharti ya Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kusajiliwa.

Maandalizi ya mwombaji

Mambo yafuatayo huwasaidia wanafunzi wa shule zenye uhaba:

- Kutoiacha Fizikia wala Kemia baada ya kidato cha pili ikiwa lengo ni udaktari.
- Kuhakikisha ufaulu wa Kiingereza na Hisabati kidato cha nne, hata kwa anayelenga utabibu kwanza.
- Kuelewa dhana kwa Kiswahili, kisha kuiandika kwa Kiingereza kwa maneno yake mwenyewe badala ya kukariri.
- Kuwa na daftari la istilahi: neno la Kiingereza, maana kwa Kiswahili, na sentensi moja ya mfano.
- Kujifunza maneno ya kuamuru ya mtihani kwa kutumia karatasi za NECTA za miaka iliyopita.
- Kujadiliana katika vikundi na kushiriki midahalo, bila kuogopa kuchekwa.
- Kusoma mwongozo wa TCU wa mwaka husika, si wa mwaka uliopita, pamoja na mtu mzima anayeuelewa.
- Kuandaa mapema cheti cha kuzaliwa na nyaraka za mkopo.

Tazama pia

- Elimu nchini Tanzania
- Kilwa Kisiwani
- Mkoa wa Lindi
- Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili
- Baraza la Mitihani la Tanzania
- Matende